Kicheko cha Mstari wa Mbele

Mjukuu wangu ana kipindi anachokipenda cha vichekesho kwenye televisheni, kipindi kilichoanza kabla yeye hajazaliwa. Kila wiki anakaa kukitazama, na kila wiki analalamika. "Bibi, siku hizi hawachekeshi, wanapiga kelele tu." Wiki inayofuata anakaa tena palepale. Simlaumu. Ugonjwa huo naujua, nimeishi nao nyumba moja na kuufulia mashati.

Miaka ya Ujamaa hatukuwa na televisheni. Tulikuwa na bwalo la kiwanda, hapa hapa Morogoro. Jumamosi jioni meza zilisukumwa ukutani, mabenchi yakapangwa, na kikundi cha utamaduni cha wafanyakazi kikatoa ngoma, kisha nyimbo, kisha vichekesho. Ngoma watu walizivumilia. Walichofuata ni vichekesho, na walikuja hata kutoka Mzumbe. Dereva wa lori la kiwanda, akiwa anarudi kutoka Turiani, alilikimbiza gari la watu ili asipitwe. Mchekeshaji mkuu alikuwa mume wangu, fundi wa mashine.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru wa milimani, juu kabisa ya Mkuyuni. Maana yake sisi ni watani. Vijana wa leo wakisikia utani wanadhani ni mzaha tu. Utani ni haki. Mtani wako anakwambia ukweli mbele za watu, na wewe huruhusiwi kununa. Siku tuliyoonana kwanza, kwenye foleni ya chai, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mluguru, umeshukaje huko mlimani bila kubingirika?" Nikamjibu, "Nimefuata Mnyamwezi wa kunibebea mzigo. Si ndiyo kazi yenu tangu zamani?" Tukaoana kwa mtindo huohuo.

Mwanzoni vichekesho vyake alivichota kwetu moja kwa moja. Kwetu ukoo ni wa mama. Mume akioa anakuwa mgeni wa kudumu, na wenye kauli juu ya watoto ni wajomba. Basi yeye aliigiza mkwe aliyepanda mlimani kusalimia, kila mjomba akamtuma kazi yake, mpaka jioni akawa anaomba ruhusa ya kupiga chafya. Bwalo lilikuwa na watu wa kila mkoa, na kila mmoja aliwaona wakwe zake mle. Mimi nilikaa mstari wa mbele. Nina kicheko kikubwa, nilizaliwa nacho, na kikitoka wengine hufuata. Mume wangu alisema akiwa jukwaani hukisubiri kama mpiga ngoma anavyomsubiri mwimbaji.

Mtu mmoja tu hakumwigiza, naye ni mama yangu. Mama kwa heshima hakuzungumza na mkwe wake uso kwa uso. Alizungumza na nguzo ya baraza.

"Nguzo, muulize huyo mgeni kama amekula."

Mume wangu, macho chini, anasema amekula, ameshiba, ashukuriwe Mungu.

"Nguzo, mwambie basi atakula tena."

Ikawa hivyo kila tulipokwenda. Nilimwambia mume wangu kwamba kichekesho bora kuliko vyote kinamngoja pale barazani. Akakataa katakata. "Huyo ni mkwe wangu. Huyo hapana."

Kisha mambo yakaanza kuharibika, na siwezi kutaja siku. Kamati ya utamaduni ilitaka vichekesho vifundishe, basi wakaja mvivu, mlevi na mlanguzi. Sikatai, walanguzi walikuwapo, na sabuni tuliisaka kama dawa ya mgonjwa. Ila mlanguzi wa bwaloni alikuwa yuleyule kila Jumamosi: koti kubwa, mto tumboni, mgambo anamfukuza, anaanguka, wimbo, kwaherini. Ingenifaa kuitupia kamati lawama zote, lakini si haki. Jioni moja mume wangu aliteleza kweli, kwa bahati mbaya, na watu wakacheka sana. Jumamosi iliyofuata akateleza kwa makusudi. Tangu hapo akawa anaanguka akiingia na anaanguka akitoka, kwa sababu kuanguka hakutaki mtu afikiri.

Mimi niliendelea kucheka wa kwanza, kwa kujilazimisha. Nyumbani nikaanza kumpokea kwa upole, pole na kazi baba watoto, maji yako ya kuoga haya hapa. Asubuhi moja ya Jumapili, tukiwa tunakunywa chai, akanikazia macho.

"Mbona siku hizi hunitanii?"

"Nakuheshimu."

"Unaniheshimu?" Akaweka kikombe chini. "Kumbe hali ni mbaya kiasi hicho."

Mtani akikuonea huruma, jambo limekwisha, naye alilijua hilo kuliko mimi. Nikaona bora niseme. "Mnyamwezi, umekuwa gunia. Kazi yako kuangushwa tu."

"Na kile kicheko chako cha mbele?"

"Cha kuigiza. Siku hizi tuko wawili jukwaani."

Hakununa, haruhusiwi. Ila Jumamosi ilipofika alianguka tena, tena zaidi. Nilikasirika, nikamwuliza njiani kama ana masikio. Akasema polepole, "Nikiacha kuanguka, halafu nikakuta hakuna kitu kingine kilichobaki?" Nilimhurumia, na kuanzia hapo nikajua kwamba hofu yake haikuwa kamati wala watu wa kwenye mabenchi. Alihofia kwamba ule ucheshi ulishamtoka, na kwamba mimi nimeshajua.

Masika ya mwaka ule mama akafariki.

Tulipanda mlimani kwenye tope, tukishikana mikono kila penye mteremko. Kwetu msiba bila watani haujakamilika. Watani ndio wanaolala njiani ili maiti isipitishwe, wanaomwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, mpaka waliokuwa wanalia wanachanganya kilio na kicheko. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara, na watani waliotarajiwa hawakufika. Maiti ilikuwa tayari. Mjomba wangu mkubwa, kaka yake mama, akasimama katikati ya uwanja.

"Watani wako wapi? Au leo tunamzika mtu kama tunapanda mhogo?"

Macho ya watu yakahama, yakatua kwa mume wangu. Alikuwa amekaa na wakwe wenzake, kichwa chini, kama anavyopaswa mkwe. Mnyamwezi pale alikuwa yeye peke yake. Kwa ukwe hakuruhusiwa hata kupaza sauti, na kwa utani hakuruhusiwa kunyamaza.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Huyu ni mama mkwe wangu. Sitaweza."

"Marahaba. Ukwe uweke pembeni leo, baba. Tunamhitaji mtani."

Nilijua anachokiogopa, maana sasa hapakuwa na koti wala mto, na mbele yake walikuwa watu waliomjua mama kuliko yeye. Akaazima kanga, akaifunga kiunoni chini kidogo, kama mama alivyoifunga. Akauvuka uwanja mkono mmoja mgongoni, anainama huku na huku kama anayetafuta kuku aliyetaga pasipojulikana. Hapo tu wanawake wawili wakashika midomo. Akafika kwenye nguzo ya baraza, ileile. Akaitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kuipamba.

"Nguzo, wageni wamekuwa wengi leo. Waulize kama wamekula."

Mjomba akajifuta macho kwa kiganja. "Tumekula, dada."

"Nguzo, waambie basi watakula tena."

Uwanja ulilipuka. Watu waliangukiana mabegani, na mjomba alicheka huku machozi yanamdondoka kwenye ndevu. Kicheko changu kilinitoka chenyewe, kile kikubwa, katikati ya kilio, na sikukionea haya mbele ya maiti ya mama yangu. Baada ya hapo tukamzika vizuri. Na tope lote lile, mume wangu hakuteleza hata mara moja.

Tulipokuwa tunashuka kurudi mjini, akaniuliza bila kugeuka nyuma, "Kicheko kile nacho kilikuwa cha kuigiza?"

"Mnyamwezi, angalia njia," nikamwambia.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi sikutaka kwenda bwaloni, lakini nilikwenda kwa ajili yake. Kilikuwa kichekesho kilekile. Koti kubwa, mto tumboni, mgambo anamfukuza. Akafika pale anapoangukia, na watu wengine walikuwa wameshaanza kucheka kabla. Hakuanguka. Alisimama. Mgambo naye akasimama nyuma yake na kirungu chake, hajui la kufanya. Mume wangu akaigeukia nguzo ya bwalo, ile yenye tangazo la zamu za kazi, akaweka mkono mmoja mgongoni.

"Nguzo, muulize yule wa mstari wa mbele kama amekula."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti wa kamati akakohoa. Ukumbi mzima hapakuwa na mtu mwingine aliyemjua mama yangu.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, bwalo zima limenyamaza, mpaka nikashindwa kukaa kwenye benchi. Nilipopata pumzi nikajibu, "Mwambie nimekula."

"Nguzo," akasema mume wangu, "mwambie basi atakula tena."