Dalali wa Mvua ya Kwanza

Sipendi madalali, na dada yangu ni dalali. Ukishatia sahihi mkataba, dalali wa kawaida huingia mitini. Simu yake haipatikani, na mwenye nyumba naye anakwambia, "Muulize aliyekuleta." Dada yangu hayuko hivyo, na hilo nalisema kwa haki, si kwa undugu. Yeye anaamini kwamba chumba ulichoonyeshwa wakati wa kiangazi bado hakijakwambia ukweli. Kwa hiyo mvua ya kwanza ikinyesha, huvaa viatu vyake vya mpira, akachukua daftari la wapangaji, akazunguka mlango hadi mlango akiuliza, "Panavuja?" Pakivuja, mwenye nyumba hapati raha mpaka fundi apande juu ya paa.

"Mimi ndiye niliyemwambia mtu kwamba pazuri," husema. "Lazima pawe pazuri."

Lakini kinyozi hajinyoi. Miaka yote hiyo nyumba yake mwenyewe ilikuwa ikivuja. Mvua ikianza, yeye yuko kwa watu, na binti yake wa pekee, mtoto wa miaka minane, anakunja godoro na kuhamisha mabeseni peke yake. Hakulalamika hata siku moja. Alikua, akapata kazi kwenye kiwanda cha kushona sare, akahama. Chumba alitafutiwa na dalali mwingine, kwa makusudi kabisa. Mama mtu alikuja kuambiwa na majirani.

Mwaka mzima dada hakukanyaga huko. Alimtamani mwanawe mpaka akakonda. Aliendelea kupika chakula cha watu wawili, na mimi ndiye niliyenenepa.

"Si uende tu," nilimwambia.

"Niende kama nani? Si mpangaji wangu yule."

Mvua ya kwanza ya mwaka huu ilianza Jumapili, saa nne asubuhi. Nilimsindikiza, nikishika mwavuli na kununa. Tulipomaliza mlango wa kumi na moja alifunga daftari, akasimama kidogo, kisha akashika njia isiyokwenda nyumbani. Nilimfuata bila kuuliza, kwa sababu nilijua.

Binti alifungua mlango nusu. "Shikamoo, mama mdogo," aliniamkia mimi kwanza. Ndipo akamgeukia mama yake. "Shikamoo."

"Marahaba. Panavuja?"

"Wewe siye uliyenipangisha."

"Najua. Panavuja?"

Nyuma yake tulisikia tone likianguka kwenye sufuria, kisha jingine. Binti aliinamisha macho.

"Aliyenipangisha hapokei simu," alisema. "Haya, ingia. Lakini ingia kama dalali. Usiingie kama mama."

Nilitaka kumpa vidonge vyake palepale. Dada alinikanyaga mguu. Alivua viatu, akaingia, akakagua dari, akapapasa ukuta, akaomba mkataba. Alimwonyesha pale palipoandikwa kwamba matengenezo ya paa ni juu ya mwenye nyumba, kisha akampigia mwenye nyumba kwa sauti yake ya kazi, ambayo haina huruma hata chembe. Kitandani palikuwa na foronya aliyoidarizi dada mwenyewe zamani. Nilimwona akiitazama. Hakuigusa.

Fundi alikuja Jumanne. Ijumaa ikanyesha tena, mvua kubwa kweli, na dada akarudi kukagua, kama anavyofanya kwa kila mpangaji. Mimi nilibaki mlangoni. Walisimama katikati ya chumba, mama na mwana, wakaangalia juu kwa muda mrefu kuliko dari ile ilivyostahili. Halikudondoka hata tone.

"Pamekauka," binti alisema. "Asante, dalali."

Tulitoka. Dada hakutaka mwavuli. Tulitembea mpaka mwisho wa mtaa.

"Fundi yule ni hodari mno," alisema, na uso wake wote ulikuwa maji. "Hakuniachia hata kitundu kimoja."