Kopo la Vidonge na Fisi wa Akko

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu. Nilikuwa kijana, nachunga mbuzi upande wa Gotu. Mwiba ukanichoma, mguu ukavimba kama kibuyu. Nikachukua sindano ya mbuzi, ile ya dawa ya manjano, nikajidunga pajani. Baada ya siku mbili natembea, najisifu. Dawa iliyobaki nikaificha kwa kopo la majani chai.

Nyanya yangu, sisi Waborana tunasema Akko, alikuwa na meno matatu na ulimi wa mia. Akaniuliza, "Umemaliza dawa?"

"Nimalize ya nini, Akko, na nimepona?"

"Fisi ukimtupia kijiti kimoja hafi. Anaenda, anarudi, na sasa njia ya boma anaijua."

Nikacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Lile kopo nilizeeka nalo. Nikihama, linahama. Nilipojenga hapa Wabera, mjini Isiolo, likapanda juu ya kabati, limejaa vidonge vya rangi mbili, masalio ya hivi na vile. Mafua, viwili. Tumbo, kimoja. Jirani akiumwa jino, namgawia. Nilijiona daktari, na darasa la tatu sikulimaliza!

Basi juzi, kabla ya mvua, maumivu yakanishika chini ya mbavu za kulia. Natetemeka kwa baridi saa sita mchana, na jua la Isiolo unalijua. Nikameza vya kopo siku nne. Macho yakageuka manjano. Binti yangu Halima akanipeleka hospitali kwa lazima.

Daktari, msichana mpole wa Kimeru, akauliza, "Mzee, umemeza dawa gani nyumbani?"

"Maji tu."

Halima akatoa kopo kwa mkoba, akalimwaga kitandani. "Na haya, Baba, ni maji ya kisima gani?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi aliniumbua Halima, akawahi kabla ya kifo.

Kijiwe kilikuwa kimeziba mrija wa nyongo. Wewe umechinja mbuzi, unajua nyongo ikipasuka nyama yote inakuwa chungu. Yangu iliingia wadudu wa maradhi, wakafika kwa damu. Wakapitisha mpira mwembamba mdomoni, kijiwe kikatoka, lakini homa ikakataa. Damu yangu wakaiweka kwa chupa kumwotesha mdudu, wamjue ni nani. Akaota mmoja ambaye daktari hajawahi kumwona kwa mgonjwa, na dawa za kawaida anazidharau. Halima akaacha kuniangalia usoni.

"Daktari, ni vidonge vyangu vilimlea?"

"Siwezi kuapa, mzee. Lakini mdudu aliyepigwa nusu hujifunza."

Akko, fisi wako yule yule! Nililia kama mtoto.

Ilibaki dawa moja ambayo mdudu huyo anaiogopa. Wakanitundikia chupa yake, ikaingia kwa mshipa. Asubuhi ya tatu niliamka nimelowa jasho, mwili mwepesi, nikaitisha chai ya maziwa ya ngamia. Halima akacheka, akalia, chai nusu ikamwagika.

"Sindano zote mpaka ya mwisho," daktari akaonya.

"Nitamaliza, binti yangu. Hata ukiniongezea ya mbuzi."

Sasa sikiza, mwanangu. Dawa ya mbuzi mwachie mbuzi. Kidonge usimeze kabla ya kupimwa. Ukipewa, fuata alivyosema daktari mpaka mwisho, hata ukijiona unaweza kukimbia. Masalio usiweke, jirani usimgawie. Na ukiulizwa, sema kweli hata kama inakuvua nguo.

Kopo langu siku hizi lina majani chai peke yake. Njoo unywe. Mungu akupe mwili mzima, na siku utakapomdanganya daktari, akupe mtoto wa kukumwagia kopo mbele ya watu.