Kikombe cha Kwanza

Mama alinipigia simu ya video Jumamosi mchana, na kabla hata sijamwamkia akaniinulia jani. "Umeona? Nimeipata dawa yetu ya kifua! Imejiotea tu nyuma ya nyumba."

Nilikuwa Columbus, kwenye chumba changu karibu na chuo, nakula wali wa jana. Mama alikuwa Buffalo, kwa kaka yangu. Walipoishi Louisville, kwenye ghorofa isiyo na hata kiganja cha udongo, alinung'unika kila siku. Kaka alipohamia North Buffalo na kupanga nyumba yenye bustani, roho ya mama ikatulia. Sasa mjukuu wake wa miaka minne alikuwa anakohoa, na mama si mtu wa kukaa akitazama.

Mimi nasomea mimea ya dawa. Kazi yangu ni kuitambua ikiwa mbichi, ikiwa kavu, hata ikiwa imesagwa, na kuupanga kila mmoja pamoja na ndugu zake. Tulifundishwa mapema tusiwe wepesi wa kulitaja jani ambalo hatujaliona ua lake. Mama yeye huchuma kabla ya ua, maana anasema mmea ukishachanua nguvu imekwisha. Basi hapakuwa na ua la kunionyesha.

"Mama, ligeuze. Lisogeze karibu. Pembeni lina meno?"

"Madogo madogo. Na manyoya laini. Ndilo hili, mwanangu, nimelichuma tangu sijavunja ungo."

La kwetu nalijua. Manyoya yake yanakwaruza, na pembeni halina meno. Hili lilikuwa na meno, na upana wake uliteremka ukifuata kikonyo mpaka kwenye shina. Kuna ua lenye majani kama hayo, ambalo watu wa huku hulipanda kwa uzuri wake tu, na majani yake ndiyo yaliyotoa dawa moja ya moyo. Kipimo kikizidi kidogo, moyo huohuo unasimama.

"Mtoto amekunywa?"

"Unanikaripia mimi?"

"Mama! Mtoto amekunywa?"

"Bado. Tangu lini mgonjwa akaanza? Kikombe cha kwanza ni cha aliyechemsha. Nimekunywa changu, nangoja nione." Akasita, akanikazia macho. "Mbona leo una manjano hivyo usoni? Hata pazia."

Chumba changu hakikuwa na manjano yoyote. Sumu ile huchezea macho, hilo nililisoma kitabuni na kulijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Kisha mama akaanza kutapika. Simu ikamponyoka, nikabaki natazama dari yao. Nilisikia kikohozi cha mtoto pale pale mezani, kilipokuwa kikombe alichotengewa. Nikamwambia asikiguse, akamwamshe baba. Kaka alikuwa amelala fofofo, ametoka zamu ya usiku. Mtoto akanijibu kwa Kiingereza kwamba ana kiu. Nililia, nikamsihi, nikamtishia, nikamwahidi baiskeli. Mwishowe nikasikia vihatua vikikimbia, halafu sauti ya kaka.

Kaka akamkimbiza mama hospitali, nao wakanipigia kuuliza ni mmea gani. Nikawatajia jina bila kuona ua, na nilipokata simu hofu mpya ikanishika: je, kama nimekosea? Niliendesha gari mpaka Buffalo na wazo hilo, na kila simu ilipolia sikutaka kuipokea.

Sikuwa nimekosea. Walimpa dawa ya kuizima sumu, na mapigo yake yakarudi polepole, yakiruka moja hapa, moja pale. Niliyasikiliza kwenye mashine kwa hofu ambayo sikuweza kumwonyesha. Nilianza kumgombeza, nikaishia njiani. Mila ya kikombe cha kwanza, ambayo mimi na usomi wangu tungeicheka ndiyo iliyomlaza pale, na ndiyo iliyofanya asilazwe mtoto badala yake.

Mama aliporudi nyumbani, mtoto alikuwa bado anakohoa. Nikapasha maji, nikatia asali na ndimu, nikampelekea. Mama akaweka mkono juu ya kikombe.

"Nani kachemsha?"

"Mimi, mama. Ni asali tu."

"Haya, anza."

Nikanywa. Mtoto akanyoosha mikono, mama akamvuta mapajani mwake. "Ngoja kwanza, mjukuu wangu," akasema. "Tumtazame shangazi yako."

Wakanitazama. Asali ya dukani, ndimu niliyoikata mwenyewe, na bado nilikuwa naogopa.