Maji Mapya ya Samaki wa Baba

Mama Pasi hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alipewa kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, ambako kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka, yeye akiyaingiza upande huu na mwenzake akiyapokea upande ule. Saa tisa alasiri alitoka hapo miguu imevimba hata viatu vinamkataa, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akafungua mlango, na kazi ya pili ikaanza: baba yake.

Mzee alikuwa amepatwa na kiharusi miezi minane nyuma. Mkono wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukaenda upande, na katika maneno yote aliyowahi kuyajua akabakiwa na mawili, "hapana" na "kesho". Akifurahi, kesho. Akikubali chai, kesho. Mambo mengine yote yaliyosalia duniani yalikuwa hapana, na yalikuwa mengi.

Zamani alikuwa mtu wa maneno huyo. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mtambo wa kusafishia maji ya mji, zamu ya pampu, na wenzake walipostaafu wakanunua kuku, yeye alinunua samaki. Saba wa rangi ya dhahabu, kwenye tangi la kioo juu ya kabati la vyombo. Sasa kiti chake kilielekezwa huko kutwa. Binti akiwa kazini, jirani alikuja kuchungulia mara mbili. Saa zilizobaki mzee alishinda na samaki wake. Ndiyo maana walipoanza kufa, lilikuwa jambo zito.

Wa kwanza alikufa Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka, siku moja baada ya kubadilishiwa maji. Mama Pasi alimtoa kwa kijiko, akamfunga kwenye gazeti. Wiki iliyofuata wakaondoka wawili kwa mpigo. Waliobaki walikuwa juu juu ya maji, wanafunguafungua midomo, mashavu mekundu kama yamechubuliwa.

Akaenda kwa muuza samaki. Huyo alimsikiliza huku anahesabu chembe za chakula kwenye kikopo.

"Tangi chafu hilo, dada. Badilisha maji zaidi."

"Nabadilisha kila Jumamosi. Nusu tangi. Maji nayalaza kwenye ndoo kwanza, klorini itoke, kama baba alivyonifundisha."

"Basi badilisha mara mbili kwa wiki. Na lile sifongo la kwenye chujio ulisafishe sawasawa."

Alisafisha. Alilisugua chini ya bomba mpaka likarudi kuwa jeupe kama limetoka dukani. Alibeba ndoo Jumamosi, akabeba Jumatano, mgongo ukimlia. Samaki wa nne akafa.

Kaka yake alipiga simu kutoka mji mwingine, kama ilivyokuwa desturi yake, akiwa na ushauri tele.

"Unawalisha kupita kiasi, dada. Halafu ni samaki tu, si uwatupe?"

"Baba anawatazama kutwa nzima. Nikiwatupa atatazama nini, ukuta?"

"Mimi nasema tu."

"Nimesikia. Sasa njoo useme huku umebeba ndoo."

Kilichomchosha kuliko ndoo ni mzee mwenyewe. Kila alipoanza kumimina maji mapya, baba yake alipeleka mkono wa kushoto puani, akabana pua, kisha akapiga mkono wa kiti: "Hapana! Hapana!" Mama Pasi alielewa alivyoweza kuelewa mtu mwenye usingizi wa saa tano. Pua, harufu, basi mzee amejichafua. Akaweka ndoo chini, akamwinua, akamvua, akakuta ni mkavu kabisa, akamvisha tena. Mzee akabana pua. Akamvua tena.

"Baba, utaniua," alimwambia siku moja, paji la uso limeegemea goti lake. "Wewe ni msafi. Naapa wewe ni msafi kuliko mimi."

"Hapana," akasema mzee, na machozi yakamlengalenga.

Alipokufa wa tano, muuza samaki aliona aibu kidogo akampa kipimo: kijichupa cha kioo na matone ya dawa. Maji yakibaki manjano, ni salama. Yakigeuka kijani, yana amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe. Mama Pasi akapima tangi. Kijani. Siku ya pili yake, kwa uchovu, alichota kutoka kwenye ndoo isiyo yenyewe, ile ya maji mapya ambayo hayajamgusa samaki yeyote. Akatia matone, akaketi kusubiri, ndipo akagundua kosa lake. Alikuwa anataka kumwaga, lakini yakageuka kijani machoni pake.

Akaosha kijichupa, akaenda kukinga bombani moja kwa moja. Kijani.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hapo hapo jikoni. Muda wote ule alikuwa akiwabebea sumu kwa mikono yake mwenyewe, kutoka bombani hadi kwenye tangi, akidhani anawaokoa.

Jumanne ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akaitumia kupanga foleni kwenye ofisi ya maji, chupa mkononi. Karani wa dirishani hakuinua macho.

"Namba ya bili?"

"Sina shida ya bili. Nina shida ya samaki."

Foleni nzima ikacheka. Hakucheka mama mmoja wa makamo mwenye koti jeupe, aliyekuwa anapita na faili. Alikuwa mkemia wa maabara ya pale. Akamvuta pembeni, akamketisha kwenye benchi.

"Umelaza maji kwenye ndoo?"

"Usiku kucha."

"Zamani ingetosha. Tulikuwa tunatia klorini peke yake, na hiyo inaruka hewani yenyewe. Tangu mwanzo wa mwaka tunaichanganya na amonia kidogo, ili dawa isiishe nguvu kabla ya kufika mitaa ya mbali. Kwa kunywa haina neno. Ila samaki anapumua maji, mwenzangu. Inamwingia mashavuni moja kwa moja. Na ukilaza ndoo, hii haitoki."

"Na sifongo la chujio nililisugua bombani."

Mkemia akafunga faili lake. "Kwenye sifongo ndimo vinamoishi vijidudu vinavyokula amonia. Dawa ya bombani imevimaliza."

"Kwa hiyo nimewaua."

"Umewaua kwa usafi. Si wewe wa kwanza."

"Hamkutangaza?"

Mkemia akaelekeza kidole kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa haionekani. Hakuitetea. Akamwandikia jina la dawa inayokamata klorini na amonia pamoja, akamwonya kwamba kipimo kitaendelea kuonyesha kijani kwa muda, hata amonia ikiwa imeshakamatwa, asitishike, kisha akauliza samaki ni wa nani. Mama Pasi alipomtaja baba yake na zamu ya pampu, mkemia akatikisa kichwa.

"Wazee wa mtamboni? Hao walikuwa wananusa kwanza, kipimo baadaye. Maji haya yana harufu yake. Angekwambia siku ya kwanza tu."

Mama Pasi alisahau kuaga.

Nyumbani alipiga magoti mbele ya kiti na begi bado begani. "Baba. Pua. Ulikuwa unaniambia maji?"

"Kesho," akasema mzee, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

"Nami nakuvua suruali!"

Nusu ya uso wake ikacheka, ile iliyoweza. Binti naye alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akaenda kunawa.

Dawa ilipatikana. Muuza samaki, bila kuombwa, alimpa kipande cha sifongo kichafu kutoka tangi lake mwenyewe, kimejaa uhai, kwenye mfuko wenye maji. Mama Pasi aliacha kubadilisha nusu. Akawa anatoa ndoo moja tu, na sifongo akilikamua kwenye maji yale yale ya tangi. Kabla ya kumimina humpelekea mzee ndoo anuse, si kwa lazima, ila kwa kuwa ni kazi yake. Hata hivyo, mmoja kati ya wale wawili waliobaki alikufa wiki ileile. Mashavu yake yalikuwa yameshaungua sana. Akabaki mmoja, mnene, mwenye doa jeupe mgongoni, na baada ya wiki tano kipimo kikakaa manjano.

Muuza samaki aliuliza kama ampelekee wengine. Mama Pasi alisema labda baadaye, kwanza ajue kama ana nguvu za kuwapenda. Jumanne iliyofuata hakufua, hakupiga pasi hata leso. Alijilaza kwenye kochi karibu na baba yake saa sita mchana, pampu ya hewa ikinguruma polepole, akalala fofofo; hata jirani alipokuja kugonga mlango, hakusikia.