Mrushaji Aliyeachwa Benchi

Mahdi Abdalla ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, na mpaka anatimiza miaka arobaini na minne hakujua wala hakujali kwamba duniani kuna mchezo unaoitwa besiboli. Zamani ungemwambia kuwa ipo siku ataacha kandanda ya Uingereza, akeshe akihesabu mipira ya wanaume wanaotafuna mbegu na kutematema, angekucheka mpaka machozi yamtoke.

Aliyempeleka huko ni binti yake. Raisa ana miaka kumi na mitano na anakaa Burnsville, huko ughaibuni walikohamia, na mama yake, Fathiya, tangu ndoa ilipovunjika. Mahdi alibaki Columbia Heights na kazi yake ya kukunja shuka za hospitali. Kila alipopiga simu alijibiwa kwa neno moja la Kiingereza, kisha kimya. Halafu wenzake kazini wakaanzisha ligi ya kwenye simu: unachagua wachezaji wa kweli, wao wanacheza viwanjani kwao, na wanachofanya kinahesabiwa kwako. Mahdi hakuelewa kitu, lakini Raisa ni mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, wa timu ya wasichana shuleni kwao, basi akajiandikisha na kumfanya binti yake meneja mwenzake.

Tangu hapo Raisa akawa anapiga mwenyewe, kila jioni. Alibishana kwa Kiingereza, baba akajibu kwa Kiswahili, nusu saa nzima. Besiboli ikiisha walipitia na mengine: mwalimu anayemwonea, rafiki aliyehama. Mahdi hakuwa mjinga. Alijua kuwa ligi ikiisha, simu nazo zimekwisha, na wazo hilo lilimkosesha raha.

Ikafika wiki ya kuamua. Atakayeshinda angeendelea na mchujo, wiki tatu zaidi; atakayeshindwa angefunga virago. Mpinzani wao alikuwa Lynette, mama wa kwao anayekaa Brooklyn Park na kufanya kazi meza moja na Mahdi, yeye kashika ncha hii ya shuka, Mahdi ile. Kufikia Jumamosi baba na binti walikuwa wanaongoza vipengele sita kwa vinne, kati ya kumi vinavyoshindaniwa kila wiki.

Viwili kati ya hivyo sita vilikuwa wastani wa warushaji, na hapo ndipo penye mtego. Mrushaji akipigwa sana, wastani unaharibika, kwa hiyo mwenye wastani mzuri hutamani kuwaweka warushaji wake wote benchi hadi wiki iishe. Waliounda ligi waliuona ujanja huo mapema, wakaweka sheria: kila timu lazima irushe zamu ishirini kwa wiki, na zamu moja haitimii mpaka wapigaji watatu watolewe. Ukipungukiwa, hata kwa mpigaji mmoja, vipengele vyote viwili vya wastani unanyang'anywa, anapewa mpinzani. Mahdi na Raisa walikuwa na zamu kumi na sita.

Jumapili warushaji wao wawili walikuwa na mechi, mkongwe mmoja na kijana mmoja. Raisa alitaka wapangwe wote. Mtu akiumia je, aliuliza. Lakini moyo wa Mahdi ulikuwa bado wa kandanda. Ukiongoza dakika ya themanini unarudisha watu nyuma, unalinda goli. Kijana alikuwa amepigwa vibaya wiki iliyopita, na mkongwe peke yake hurusha zamu sita kila mara. Kumi na sita na sita, ishirini na mbili. Yanini kujitafutia balaa?

Hakumwambia binti yake hivyo. Kwao mtu hakatai usoni, huo ni utovu wa adabu. Anakubali kwa upole, kisha anafanya lake.

"Sawa, mamangu," alisema. "Wote wawili."

Simu ilipokatwa akamrudisha kijana benchi, akalala usingizi mnono.

Hospitali hazina Jumapili, na shuka zao vivyo hivyo. Saa saba mchana mechi zote mbili zilianza. Haijafika saa nane, Lynette, ambaye simu yake huifukia chini ya foronya, aliinua kichwa.

"Mahdi, mzee wako ameumia. Ameshika elbow, wanamtoa. Si uko na yule kijana?"

Mahdi akasema hakumpanga. Lynette hakucheka, na hilo likamtisha zaidi kuliko kicheko.

Mkongwe alikuwa ametimiza zamu tatu tu. Jumla kumi na tisa. Kijana hakuweza tena kupangwa, kwa sababu mechi yake ilishaanza, na siku hiyo, Mungu ana mambo yake, alirusha zamu saba bila kufungwa hata mara moja. Mahdi alijifungia msalani, akatafuta mrushaji yeyote ambaye hajacheza. Alibaki mmoja, California, mtu wa kufunga mechi, ambaye kazi yake ni zamu moja ya mwisho. Moja tu. Alimsajili dakika nne kabla ya mechi kuanza. Alasiri akaswali, na Mola amsamehe, dua yake yote ilikuwa ya besiboli.

Zamu ya mwisho ikafika na timu ya California inaongoza, lakini kocha akamwacha mrushaji mwingine aianze. Huyo akamtoa mpigaji wa kwanza. Mmoja huyo hakuhesabiwa kwa Mahdi. Wawili waliofuata wakapiga vizuri, na hapo ndipo kocha akamwita mtu wa Mahdi. Wapigaji wa kutolewa walikuwa wamebaki wawili, na Mahdi alihitaji watatu. Alisimama katikati ya mapipa ya shuka chafu akiomba mtu wake apigwe, mechi iwe sare, iendelee mpaka usiku. Mtu wake aliwatoa wote wawili kwa dakika tano, wenzake wakamkumbatia. Mpigaji mmoja ndiye aliyepungua. Sita kwa vinne ikageuka vinne kwa sita.

Raisa alipiga saa kumi na mbili kasorobo, akitoka kwenye mechi yake mwenyewe. Mahdi alikuwa ameshatunga uongo wake: simu iligoma. Hakupata nafasi ya kuutoa. Kila badiliko la timu huandikwa, nani kafanya na saa ngapi, na binti alikuwa ameshasoma. Safari hii aliongea Kiswahili, polepole, neno kwa neno.

"Baba, ulisema sawa."

Mahdi akasema aliogopa kupoteza.

"Mama akisema wewe ndivyo ulivyo, mimi namkatalia. Kila siku namkatalia. Ungesema hapana. Tungebishana tu. Mimi napenda tukibishana."

Mahdi akaanza kueleza, maneno yakimtoka ovyo. Akaeleza habari ya kulinda goli, na ya kijana aliyepigwa wiki iliyopita, kisha akayaacha hayo yote na kumsihi ampigie kesho, hata kama hakuna ligi, ampigie amgombeze. Akangoja jibu. Lynette, aliyekuwa ameshika ncha yake ya shuka muda wote huo, ndiye aliyemwambia kwa upole kwamba simu ilikuwa imekatwa kitambo.