Wimbo wa Dada Anayekufa

Juzi, nikiwa nimesimama kwenye robot ya South Beach nikingoja taa igeuke kijani, niliona bango la mchezo wa nyimbo kuhusu dada wanne wa Kimarekani, ile hadithi ya kale ambayo darasa letu liliigiza tulipokuwa wadogo. Mimi nilikuwa dada anayekufa. Nilikuwa na wimbo mmoja tu, wa kuimba kitandani kabla ya kukata roho, na niliufanyia mazoezi kila siku bafuni.

Alasiri ya maonyesho ukumbi ulinuka polishi ya sakafu na sambusa za kina mama. Nililala chali chini ya shuka jeupe, piano ikaanza. Ndipo nikasikia kandambili zikipanda ngazi za jukwaa. Alikuwa Bibi. Alinishika bega na nyonga, akanigeuza kwa ubavu wa kulia, uso ukaelekea ukuta wa nyuma.

"Bibi, ni mchezo tu," nilinong'ona.

"Najua. Hata mchezoni, mjukuu wangu hafi akiipa kibla mgongo."

"Eish, bibi yake kaja kumzika," akasema mtu, na ukumbi mzima ukacheka. Piano ilirudia mwanzo mara mbili ikinisubiri, kisha mwalimu akafunga pazia.

Miaka mingi niliamini kwamba Bibi aliionea haya sauti yangu. Sasa najua kuwa ndiye aliyekuwa akiitwa kila mara mwanamke wa mtaa wetu alipokaribia kufa, na mikono yake haikujua njia nyingine. Nimeelewa, lakini bado inanikera. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza, kwa upole kabisa, mbona sikuimba.