Honi Mbili

Shemeji yangu ni dereva. Kwa miaka mitatu wafadhili walimlipa achukue watu wenye kesi huko vijijini, awafikishe mahakamani bure. Akipiga honi mbili tu, mtu anatoka.

Wafadhili wakakunja jamvi. Kwa miguu ni mwendo wa siku nzima, kwa hiyo wengi hawakufika, na hati za kuwakamata zikatolewa. Sasa polisi wamelikodi gari lile lile, na dereva wake.

"Shemeji, huoni haya?" nilimfokea.

"Watoto wangu wale mawe?"

Jana, askari wawili wakiwa wameinama kiti cha nyuma, alipiga honi mbili kwa bibi mmoja. Bibi akatoka mbio na nguo zake za mahakamani.

"Mwanangu, nilijua utarudi!"